Talaka ya 25,000 kwenye TikTok: bei hiyo inanunua nini?

SWALI: Wakili, salaam. Nimeona video ya wakili mmoja TikTok akisema, "Talaka 25,000 tu, siku 60, hata mwenzako asipokubali." Nilimwandikia, akajibu mtu aliyejiita msaidizi wake na kutaka nitume amana ya 10,000 kwa nambari ya simu ya kibinafsi. Tulifunga ndoa ya serikali mwaka 2015, mume akaondoka nyumbani mwaka 2021. Tuna watoto wawili na nyumba yetu Mariakani, ploti iko kwa jina lake. Je, mawakili wanaruhusiwa kujitangaza hivi? Wanapataje faida kwa bei hiyo? Nitume pesa?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Dada, pesa usitume kwanza. Sababu nitazieleza, lakini tuanze na ruhusa.

Kwa miaka mingi wakili wa Kenya alikatazwa kabisa kujinadi. Ungemjua kwa jina lililo mlangoni au kwa kuelekezwa na shemeji yako. Mwaka 2012, katika kesi ya Okenyo Omwansa George, Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu alisema marufuku ya jumla namna ile inakiuka Katiba, kwa kuwa Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari kuhusu huduma anazozilipia. Zikafuata kanuni za mwaka 2014 kuhusu matangazo ya mawakili. Kwa hivyo kujitangaza si kosa. Kosa ni kupotosha.

Bei nayo ina mtego wake. Sheria ya Mawakili, kifungu cha 36, inamfanya mkosaji wakili anayejinadi kuwa yuko tayari kufanya kazi kwa chini ya malipo yaliyowekwa kisheria. Ndiyo maana mawakili wengi waangalifu hawatangazi bei, watakwambia tu "njoo ofisini tuongee". Mimi mtu akipaza bei kuliko jina lake huwa namtilia shaka, ingawa nakubali kwamba ukimya wetu wa miaka mingi kuhusu ada ndio uliowafungulia mlango hawa wa video.

Wamarekani waliyapitia haya kabla yetu. Februari 1976, huko Arizona, mawakili wawili vijana, John Bates na Van O'Steen, walichapisha gazetini bei za huduma zao. Talaka ilikuwa dola 175, na dola 20 juu yake za kufungulia kesi. Chama cha mawakili cha jimbo kikawachukulia hatua, na mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji watano dhidi ya wanne, ikasema haki ya kutangaza bei ya huduma za kawaida wanayo. Lakini tazama walichokiuza: talaka isiyo na ubishi, mume na mke wote wametia sahihi. Waliandika hivyo waziwazi kwenye tangazo. Video yako imeacha maneno hayo, tena imeahidi kinyume chake.

Hapo ndipo biashara yenyewe ilipo. Hapa kwetu talaka ya mahakamani mara nyingi si kesi moja. Ombi la kuvunja ndoa lina faili lake. Malezi na matunzo ya watoto huenda mahakama ya watoto, chini ya Sheria ya Watoto ya 2022. Mali huwa na shauri lake, chini ya Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013. Faili la kwanza ndilo rahisi kuliko yote, hasa mwenzako asipojitokeza kupinga, na ndilo linalotangazwa. Ukishaingia, unaambiwa watoto ni ada nyingine, ploti ni ada nyingine. Hilo lenyewe si wizi, maana kazi ni tofauti kweli. Ila mtu aliyeijia 25,000 anajikuta keshalipa, keshasimulia siri zake zote, na hana nguvu ya kuanza upya kwa wakili mwingine. Faida iko hapo.

Na hata ile 25,000, uliza imebeba nini. Je, kodi ya VAT ya asilimia 16 imo? Kumpelekea mume karatasi za mahakama kumo? Kama hajulikani aliko, mahakama inaweza kuruhusu aitwe kwa tangazo la gazetini, na gazeti halichapishi bure. (Tangazo la talaka ambalo mahakama yenyewe inaliamuru halina hashtegi wala muziki.) Mume akija na wakili wake na kupinga, bei ni ileile? Kutoa amri ya mwisho ya talaka kumehesabiwa? Taka majibu kwa maandishi kabla ya kulipa chochote.

Kuhusu siku 60: Sheria ya Ndoa ya 2014 haivunji ndoa kwa sababu tu mtu ameichoka, wala kwa makubaliano matupu. Lazima uthibitishe sababu, kama vile uzinzi, ukatili, kutelekezwa kwa angalau miaka mitatu, au ndoa kuvunjika kiasi cha kutorekebishika. Wewe, kwa maelezo yako, una sababu ya kutelekezwa. Hata hivyo lazima mume aitwe, na lazima hakimu asikie ushahidi wako. Kalenda ya hakimu haimo mikononi mwa wakili yeyote, kwa hivyo anayekuahidi tarehe anakuuzia kitu asichokimiliki. Akikwambia utalipa tu ukishinda, huyo pia mwepuke. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinabatilisha mapatano ya namna hiyo katika kesi.

Wengine hawauzi bei, wanauza hofu. Kwa wanawake wanasema, "Nusu ni yako." Kwa wanaume, "Linda mali yako kabla hajaichukua." Zote mbili ni video za kupata watazamaji. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema usawa wa wanandoa katika Katiba hauleti nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila upande lazima uonyeshe mchango wake. Mchango si pesa tu: kazi za nyumbani, kulea watoto na kusimamia mali ya familia vimo katika sheria. Na katika kesi hiyohiyo mwishowe kila mmoja alibaki na nusu, kwa sababu mchango ulithibitishwa. Kwa hiyo anza leo kukusanya risiti za saruji na mabati, jumbe za M-Pesa, na majina ya mafundi waliokuona ukisimamia ujenzi. Hivyo vina uzito kuliko video yoyote.

Sasa jambo ambalo tangazo haliwezi kukwambia kwa sekunde 40, nalo ndilo kubwa zaidi kwako. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Mali ya Wanandoa kinazuia mali ya ndoa ya mke mmoja kuuzwa bila idhini ya wanandoa wote wawili, lakini ni wakati ndoa ingali hai. Ukikimbilia amri ya talaka huku ploti iko kwa jina lake peke yake na hujaomba lolote kuhusu mali, unaivua ngao hiyo kwa mkono wako. Kifungu cha 17 kinakuruhusu kuiomba mahakama itamke haki zako katika mali hata kabla ya kuomba talaka. Katika hali yako ningetangulia na ploti: kuweka zuio katika ofisi ya usajili wa ardhi, kisha shauri la mali, ombi la talaka likienda sambamba au nyuma yake. Matunzo ya watoto hayangoji lolote kati ya hayo. Unaweza kuyaomba wiki hii.

Tukirudi kwa yule msaidizi. Wakili haruhusiwi kugawana ada na mtu asiye wakili, na dalali wa kutafuta wateja anavunja sheria. Ingia kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK, utafute jina kamili la huyo wa kwenye video uone kama ana cheti cha kazi cha mwaka huu, maana vyeti huisha kila Desemba 31. Akiwemo, piga simu ofisini kwake mwenyewe, uulize kama anamjua mwenye nambari ile. Pesa ilipwe kwa akaunti ya ofisi, na risiti iwe na jina la ofisi. Asipokuwemo, hifadhi video na jumbe zote, uzipeleke LSK na polisi. Kama yumo na ameshakula pesa za watu, mlango ni Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili.