Kumlipa mtu awatembeze wazee Dar wakati mwenyeji ni wewe? Mi nshalipa mara mbili

Mkuu mleta uzi, umesema wazazi wanashuka toka Mbeya, wana siku moja tu ya kuuona mji kabla ya harusi, na mama watoto anakushangaa unavyotaka kutoa hela kumlipa mtu awazungushe Dar wakati umekaa hapa miaka kumi na tano. Nimepitia majibu ya juu, wengi wanakwambia acha ushamba, washa gari wapeleke Coco wakale mihogo, kazi imeisha. Mi napingana nao. Hili jambo limenikuta mara mbili, ya kwanza nililizwa, ya pili hadi leo baba mkwe akipiga simu anamuulizia kwanza yule kijana ndo aje kuniuliza wajukuu hawajambo.

Halafu kabla sijatiririka, lile neno la Kiingereza la watu wa kazi hii, guide, ukilitamka kibongo ni balaa. Nilipaza sauti ndani "gaidi anakuja saa mbili asubuhi" jirani akafungua dirisha. Kwa hiyo hapa tumuite muongozaji yaishe.

Mara ya kwanza ilikuwa 2019, baba mkwe na mama mkwe wamekuja toka Songea. Nikaona tangazo Insta, picha kali, drone sijui nini, nikasema hapa lazima mkwe aheshimike. Laki tatu na nusu, siku nzima, Noah yenye kiyoyozi na maji ya baridi. Ilitakiwa itufuate Kimara saa mbili, ikaja saa tatu na nusu, tukaingia foleni, mjini tumefika saa tano na kitu na wazee wameshachoka kukaa. Dereva ndo huyohuyo muongozaji. Yani anaendesha huku anaelezea, "kushoto kwenu kanisa la Wajerumani", baba mkwe akigeuza shingo kushoto anakutana na ubavu wa daladala, kanisa lishapita. Makumbusho ya Taifa tulipewa nusu saa. Halafu tukapelekwa duka moja la vinyago, pale tulikaa saa nzima na dakika zake, muuzaji anampokea dereva kama shemeji yake, ukielewa hapo umeelewa. Mama mkwe akawekewa kinyago mkononi, bei kwa dola. Akakigeuza, akakinusa, akasema taratibu "mpingo huu si unatoka kwetu kusini? Leo nirudishiwe kwa dola?" Nilitamani ardhi ipasuke. Tumerudi Kimara saa mbili usiku na kitu pekee walichokiona vizuri ni matako ya magari ya mbele.

Nilipokaa nikafikiria kosa langu nikaligundua: nilinunua gari, sikununua mtu. Na mjini kati pale gari ni jela. Kuanzia Feri mpaka Mnazi Mmoja ni mwendo wa mguu kabisa, ila ukiwa ndani ya Noah utazunguka njia za upande mmoja na kutafuta paking mpaka jua lizame.

Mara ya pili ni 2023. Baba mkwe alikuja kucheki macho, akaongozana na shemeji yangu mdogo, baada ya kliniki wakabaki na siku moja kama hao wa kwako. Jamaa wa kazini akanipa namba ya kijana mmoja wa Ilala. Nilichokipenda, nilivyompigia hakuanza na bei. Kauliza mzee ana miaka mingapi, magoti yakoje, mtu wa wapi, alikuwa anafanya kazi gani, anakunywa chai ya sukari au hana sukari. Nikamwambia miaka 74, Mngoni, mwalimu wa msingi mstaafu, magoti mazima. Akasema laki na ishirini nusu siku kwa wote watatu, sio kwa kichwa (hili uliza mapema mkuu, wengine wanakutajia bei ukiona rahisi kumbe ni kwa kila mtu), viingilio na kula juu yetu, na gari hatuhitaji, pandeni mwendokasi mshuke Kivukoni mwisho saa moja kamili.

Saa moja kweli tumemkuta kasimama, raba miguuni, begi dogo mgongoni. Akatuingiza soko la samaki Feri. Sasa mimi Feri naijua, nanunua vibua pale kila mara, ila sijawahi kusimama kuangalia mnada unavyokwenda. Akamuweka mzee pembeni ya meza ya zege, akamwambia babu usiangalie samaki, muangalie yule mwenye kofia vidole vyake. Mnadishaji anamwaga fungu la changu mezani, anaanza kuimba bei, wanunuzi hawasemi kitu, mmoja anainua nyusi, mwingine anagusa sikio, mama mmoja wa kukaanga kabana noti kwenye kiganja anatikisa kidole kimoja tu, na fungu limeshauzwa wakati mimi bado natafuta nani kanunua. Mzee akacheka mpaka akashika kiuno. Tukanywa supu ya pweza pale pale tumesimama, maji ya samaki yanatiririka kwenye viatu, hakuna aliyelalamika.

Hapo shemeji akatoa simu apige picha upande wa Magogoni. Kijana akamshusha mkono haraka bila kumkaripia, akamwambia huku Ikulu haipigwi picha, na bandarini vilevile, utajikuta unaeleza mambo mengi kwa watu wasiotabasamu. Mimi mwenyeji nilikuwa nimeduwaa tu.

Makumbusho tulikaa kiasi, mzee alisoma kila kibao cha Zinjanthropus kama anasahihisha mtihani (lile fuvu la Olduvai la 1959). Ile sehemu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani Agosti 1998 akapita kimya. Beba vitambulisho mkuu, kiingilio cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni, na wazee wanasahau NIDA nyumbani.

Tukaja kutokea Samora, kwenye sanamu ya Askari. Hapa ndo nataka mnisikilize. Mi hii sanamu nimepita hapo labda mara elfu, kwangu ni sehemu ya kumwelekeza mtu wa boda. Kijana akatoa kwenye begi karatasi zilizopigwa plastiki, picha za zamani. Akasema kabla ya huyu askari, hapahapa alisimamishwa Mjerumani, Wissmann, gavana wao, Waingereza walivyouteka mji 1916 wakamng'oa, na huyu mnayemuona kazinduliwa 1927. Angalieni ile singe ya bunduki, imeelekezwa bandarini. Wote tukageuka, kweli aisee. Hata hii barabara, akasema, Wajerumani waliiita kwa jina la miti ya akasia, Waingereza nao wakaiita Acacia Avenue, ikaja kuwa Independence ndo baadaye Samora.

Baba mkwe hakuwa anamsikiliza tena. Alisogea kwenye msingi wa sanamu, akavaa miwani, akaanza kusoma maandishi ya Kiswahili kwa sauti, kidole kinafuata mstari kama yuko darasani, bajaji na pikipiki zinapiga honi mgongoni kwake. Alipofika pale panapotajwa wapagazi akasimama. Akamwambia kijana, sio mimi, kijana, "babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo vita ile ya Mjerumani na Mwingereza. Hakurudi." Wakuu, nimeoa kwao miaka kumi na moja. Sijawahi kulisikia hilo, na mke wangu nilivyomuuliza usiku naye hajawahi.

Na hapa ndo hoja yangu ilipo. Watu wanadhani unamlipa muongozaji kwa sababu hujui njia. Hapana, njia unazijua. Unamlipa kwa sababu kwa mkwe wako au mzazi wako we ni mtoto, kuna vitu hamuulizani. Mimi siwezi kumwambia baba mkwe "mzee umechoka, kaa chini". Yule kijana alikuwa anasema "babu mi nimechoka, tukae dakika kumi", muongo mkubwa, ana miaka ishirini na kitu, ila mzee alikaa bila aibu. Ningekuwa nawazungusha mwenyewe ningekuwa bize na paking na bei za maji, na mzee angekuwa bize kunishukuru.

Baada ya hapo tulikwenda haraka. Kanisa la Azania Front, St. Joseph, yote mawili yamekamilika 1902, mzee Mkatoliki akaingia St. Joseph kusali kidogo. Old Boma, ya miaka ya 1860 enzi za Sultan Majid, yule aliyetaka kuhamishia makao hapa toka Unguja akafa 1870 mji haujakaa sawa, Wajerumani wakaja kuudaka na 1891 wakahamisha makao makuu yao toka Bagamoyo. Kuta za mawe ya matumbawe, mlango wa kuchonga, shemeji akapiga picha zake za kutosha maana hapo ruksa.

Tukakata Mnara wa Saa kwenda Mnazi Mmoja, tukaingia Lumumba. Hapo kijana aliteleza, akasema TANU imezaliwa 1955. Mwalimu alisimama katikati ya njia. "Saba Saba, elfu moja mia tisa hamsini na nne. Rudia." Kijana akarudia, akatoa kalamu akaandika kwenye kiganja. Nikampenda zaidi, wale wa kwanza ukiwasahihisha wanabisha. Kasoro yake nyingine ni Simba na Yanga, tulivyokaribia mtaa wa Msimbazi akawasha, hazimiki, ilibidi nimkatishe.

Kariakoo tulimalizia kwenye benchi la kahawa kwenye kichochoro kimoja, vikombe vile vidogo na kashata ya karanga. Mzee anaijua Kariakoo, alikuwa anafuata bidhaa za duka lake miaka ya tisini. Kijana akamwachia anywe kwanza, akahadithia soko kuu lilivyochorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa 1975, na moto wa Julai 2021. Halafu akamwambia babu, unakumbuka uliyonieleza pale kwa Askari? Hili jina Kariakoo ndo wao. Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, Waingereza walivyouchukua mji waliwaweka kambi huku, watu wakaitamka walivyoweza. Baba mkwe akageuza kikombe kichwa chini kwenye sahani, akauliza, "kambi yenyewe ilikuwa upande gani?" Kijana akasema ni eneo lote hili babu, umekalia. Mzee akaangalia chini ya benchi, maganda ya karanga na chupa ya maji imekanyagwa. Akaagiza kikombe kingine.

Sasa kwa kesi yako mkuu. Mpigie mtu kabla, msikilize anakuuliza nini, akianza na "tuna paketi tatu" achana naye. Muulize leseni ya utalii, ile wenyewe walizoea kuiita TALA, kama yuko chini ya kampuni wawe nayo. Mwambie waziwazi madukani hatuingii mpaka mama aseme mwenyewe anataka kitu, ukisema hivyo mapema anajua kamisheni haipo na anaweka bei yake sawa. Usilipe yote, nusu mbele nusu mkimaliza. Hela ya kahawa na supu iwe mfukoni kwako kwa noti ndogo, usimwachie yeye atoe halafu mje mhesabiane mbele ya wazee. Mweleze wazee ni watu wa wapi, Wanyakyusa au Wasafwa, wakulima au wafanyakazi, maana hicho ndo kitakachoamua asimame wapi muda mrefu na wapi apite tu.

Muanze saa moja, saa saba mchana muwe mmemaliza, jua la Posta sio la Mbeya hilo, watakuangukia. Kama mvua za masika zimeanza anza na makumbusho, Feri iache. Na umesema mama ana shida ya mguu: ishieni kwenye kahawa Lumumba, Kariakoo ndani msimwingize hasa Jumamosi, ila mtafutieni bajaji impitishe Msimbazi taratibu aone kwa juu juu. Namba ya kijana sitaiweka hapa hadharani, njoo inbox.