Deni la Mhitimu wa Kiingereza Limo Katika Mshahara wa Mzazi

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: je, kipato cha mhitimu wa shahada ya Kiingereza kinatosha kufidia gharama na deni la masomo yake? Ninafundisha Kiingereza na Fasihi katika shule ya sekondari ya serikali wilayani Busia, upande wa Uganda, na maoni yangu ni kwamba hapa kwetu swali hilo halijibiki mpaka ijulikane kwanza ni nani anayedaiwa. Mara nyingi anayedaiwa si mhitimu.

Marekani hesabu hizo zinafanywa hadharani. Wanafunzi na wahitimu wanadaiwa na serikali kuu zaidi ya dola trilioni 1.6, na Wizara ya Elimu ina tovuti, College Scorecard, inayoonyesha wahitimu wa kozi mbalimbali katika vyuo vingi walikopa kiasi gani na wanalipwa kiasi gani baadaye, hivyo kijana anayependa Kiingereza anaweza kuiweka kozi yake kando ya uhandisi na kuona tofauti kabla hajatia sahihi. Uingereza, wanafunzi wa England walioanza chuo kuanzia Agosti 2023 watakatwa asilimia 9 ya kipato kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka, na deni litakalokuwa limebaki baada ya miaka 40 litafutwa. Wako wengi wanaoulalamikia utaratibu huo, na wana sababu zao, lakini una jambo ambalo sisi hatuna: mwenye kipato kidogo halipi, wala mzazi wake hadaiwi.

Kwetu, Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na mikopo yake ikaelekezwa kwenye kozi za sayansi na teknolojia. Nilipomaliza Kidato cha Sita niliipitia orodha ya kozi zinazokopeshwa, na ualimu wa Kiingereza na Fasihi haukuwamo. Nafasi za ufadhili kamili wa serikali katika vyuo vikuu vya umma nazo ni chache, na tangu sera ya kuzipendelea sayansi ilipoanza mwaka 2005, sehemu kubwa huenda huko. Basi nikajiunga na chuo kwa kujilipia, na aliyelipa ni baba.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu wa huko wa Gredi ya Tatu, yaani mwenye cheti cha ualimu, hupokea karibu shilingi 500,000 kwa mwezi. Alichukua mkopo wa mshahara katika benki, ule unaokatwa kabla fedha hazijafika kwenye akaunti, na kabla haujaisha akarudi kuuongeza ili alipe karo ya mwaka uliofuata. Hati yake ya mshahara ninaikumbuka vizuri: juu mshahara wenyewe, kisha kodi, kisha benki, kisha sako ya walimu (chama chao cha akiba na mikopo), na mstari wa mwisho ukionyesha kiasi kisichofika hata nusu ya kile cha juu. Fedha za chumba na za kuchapisha ripoti ya utafiti zilitokana na ng'ombe wa mama. Nilihitimu mwaka 2019 bila kudaiwa hata shilingi moja kwa jina langu, na mtafiti yeyote angenihesabu miongoni mwa wahitimu wasio na deni, ilhali baba aliendelea kukatwa hadi karibu na kustaafu.

Upande wa kipato ndio unaoniuma zaidi. Tangu mwaka wa fedha 2022/23, mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika sekondari ya serikali analipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi. Mwalimu wa Kiingereza mwenye shahada kama hiyo, anayeingia darasani kwa kengele ileile na kusahihisha insha za madarasa yenye wanafunzi wengi mno, hupata takriban milioni 1. Mwezi wa Juni 2025 walimu wa sanaa, yaani wa masomo yasiyo ya sayansi kama Kiingereza, waligoma kwa wiki kadhaa kwa sababu ya pengo hilo. Kwa hiyo anayesema kwamba Kiingereza hakilipi kwa sababu soko halikihitaji, kwa hapa Uganda anakosea, maana Kiingereza ni somo la lazima na lugha inayofundishiwa masomo mengine, pamoja na hiyo fizikia. Pengo hilo halikuletwa na soko. Liliwekwa na serikali, ambayo pia ndiyo iliyoamua nani akopeshwe. (Siwaonei wivu walimu wa sayansi, kiwango chao ndicho mwalimu yeyote anachostahili.)

Walioajiriwa na shule za binafsi wana hali ngumu zaidi, kwani wengi hulipwa kulingana na karo zinavyoingia, na likizo ndefu huwakuta mikono mitupu.

Mmeuliza pia kama tungewashauri wadogo zetu kusoma kozi hii. Mdogo wangu wa kike anataka kusomea ualimu wa Fasihi na Kiswahili, nami nimemuunga mkono. Baraza la Mawaziri liliidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, na walimu wake bado ni haba, kwa hiyo ninaamini kazi ataipata. Mshahara utakuwa uleule wa sanaa, na hilo nimemweleza bila kumficha.

Ninachoiomba Bodi ni iwafungulie mikopo wanafunzi wa ualimu wa lugha, hata kama ni wachache kwa kuanzia, na marejesho yapimwe kwa kipato badala ya kiwango kimoja kwa wote. Mwajiri mkubwa wa walimu hao ni serikali yenyewe, inayojua kila mwezi nani amelipwa na amelipwa kiasi gani. Makato yangeanza siku mhitimu anapoingia kwenye orodha ya mishahara, na yangetoka katika mshahara wake mwenyewe.

Mwalimu wa Kiingereza, Busia