Maji yanatuama shambani: nipande mazao ya kufunika udongo?

Swali: Mtaalamu, shamba langu ni la mfinyanzi. Mvua ikinyesha, maji yanakaa siku nne hadi tano na mahindi yanageuka manjano. Nimeshauriwa nipande mazao ya kufunika udongo. Je, kufunika si ndiko kuzidisha unyevu?

Jibu: Inategemea mmea uko hai au umekufa. Ukiwa hai ni pampu: mizizi inafyonza maji, majani yanayatoa hewani mchana kutwa. Ukishaufyeka, pampu imezimika, na yale mabaki yanakuwa blanketi linalochelewesha udongo kukauka. Wenye mashamba makavu hulitafuta blanketi hilo, wewe usiharakie. Fyeka karibu na kupanda mahindi, ila kabla mmea haujakomaza mbegu, usije ukawa magugu.

Faida kubwa iko chini. Mizizi ikioza inaacha vijitundu vinavyopitisha maji na hewa, na minyoo huvifuata. Mahindi yako yana manjano kwa sababu udongo uliojaa maji umeishiwa hewa: mizizi haipumui, na sehemu ya naitrojeni, kirutubisho kinachoyapa majani ukijani, inageuka gesi na kupotea. Kumwaga mbolea maji yakiwa yamesimama ni kutupa pesa.

Kabla ya kununua mbegu, chimba shimo la sentimita 50. Ukikuta mizizi ya mahindi imefika sentimita 15 au 20 ikapinda kwenda pembeni, kana kwamba imegonga sakafu, una tabaka gumu lililoshindiliwa na jembe au trekta. Hapo mimea ya mizizi mirefu, kama marejea (mmea wa jamii ya kunde) au figili za mzizi mnene, ina kazi ya kufanya. Lakini maji yakichuruzika kutoka chini na kujaza shimo siku ambazo hakuna mvua, tatizo ni maji ya ardhini. Anza na mfereji au matuta. Mimea peke yake haitakutoa hapo.

Mbaazi iache, haivumilii kusimama majini. Sesbania, nayo ya jamii ya kunde, inavumilia; aina moja, Sesbania rostrata, hutoa vinundu vya kunasa naitrojeni ya hewani hata kwenye shina. Panda mvua zikielekea ukingoni, na usiingize trekta kwenye matope, utalishindilia upya lile tabaka.

Msimu wa kwanza usitegemee makubwa. Baada ya mavuno chimba tena palepale, uone mizizi imeshuka hadi wapi.