Matone mangapi kwa dakika?

SWALI: Shikamoo sista. Nasomea uuguzi, niko wodini hapa Mombasa wiki ya tatu sasa. Niliambiwa niweke sailini lita moja iishe kwa masaa 8, nikapiga hesabu nikapata matone 42 kwa dakika. Mwenzangu kitanda cha pili kapata 125 na maji ni yale yale, masaa yale yale. Nani kakosea? Na dripu ikichelewa naweza kuifungua zaidi ifidie?
Mwanafunzi, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Hesabu zenu zote mbili ni sawa, kilichotofautiana ni mpira wa dripu, ndo twauita seti. Seti ya watu wazima mara nyingi ni matone 20 kwa mililita moja, zipo za 10 na 15 pia, na ile ya matone madogo ni 60, na yote hayo yameandikwa kwenye pakiti ambayo watu wairarua na kuitupa bila kuisoma. Lita moja masaa 8 ni mililita 125 kwa saa. Zidisha kwa 20 ugawe kwa dakika 60, wapata 41 na kitu, ndo 42 zako. Kwa seti ya 60, sitini kwa sitini zafutana, matone kwa dakika yawa sawa na mililita kwa saa, ndo 125 za mwenzio. Lakini matone 125 hayahesabiki kwa macho, abadilishe seti.

Kwa watoto ndo roho yangu hukaa juu. Mtoto wa kilo 10 maji yake ya kawaida ni kama mililita 40 kwa saa, kwa seti ya 60 ni matone 40. Sasa mtu aandike kwa faili "matone 40" basi, zamu ibadilike, itundikwe seti ya 20, wa usiku ahesabu 40 kama alivyoachiwa, mtoto anaingia mililita 120 kwa saa, mara tatu! Nimeyakuta haya mwenyewe nikiwa mgeni kazini, mfuko wa 500 umetundikwa saa moja jioni, kufika saa nne usiku umebaki karibu robo. Nikafunga mpira nikakimbia kumwita daktari. Tangu siku hiyo naandika mililita kwa saa kwanza, matone baadaye, na seti ni ya ngapi.

Kuhusu kufidia, usifungue kwa kichwa chako. Wa kipindupindu huenda akaandikiwa maji ya mbio, sawa, lakini utafiti wa FEAST wa 2011, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, uliona watoto mahututi wenye homa waliomiminiwa maji haraka walikufa zaidi kuliko wasiomiminiwa. Angalia kwanza imechelewa kwa nini: mkono umekunjwa, mfuko uko chini, ama penye kanyula, kile kibomba cha mshipani, pamevimba? Halafu piga hesabu upya. Tuseme zimebaki mililita 700 na masaa 4, hiyo ni 175 kwa saa, seti ya 20 ni matone 58. Mpelekee daktari namba hiyo, akikubali ndo ufungue.