Maswali ya wasomaji: Bajeti ya jiji na thamani ya fedha

SWALI: Rasimu ya bajeti ya jiji letu ina fungu kubwa la kuondoa taa za barabarani za sodiamu na kufunga za LED. Madiwani wamegawanyika. Wengine wanasema bei ni kubwa mno, wengine wanasema zitajilipa zenyewe. Nitajuaje nani yuko sahihi?

JIBU: Bei ya kununulia ni mwanzo tu wa hesabu. Dai gharama ya taa moja kwa maisha yake yote. Taa ikiwaka kwa muda wa saa 12 kila usiku, kwa mwaka ni saa 4,380. Ya sodiamu ya wati 250 hula uniti 1,095 za umeme, na choki yake (kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye globu) huongeza kama asilimia 10 juu yake. LED ya wati 110, ambayo mara nyingi hutosha kushika nafasi hiyo, hula uniti 482. Tofauti ni uniti 700 na ushei kwa kila nguzo, kila mwaka. Zidisha kwa bei ya uniti, ongeza mgawo wa mwaka mmoja wa gharama ya kubadilisha globu za sodiamu kila baada ya miaka michache (gari lenye ngazi, mafundi wawili, upande mmoja wa barabara kufungwa), kisha gawa bei ya kununua na kufunga LED kwa akiba hiyo. Utapata miaka ya kujilipa. Ikitoka miaka 6 na dhamana ya mtengenezaji ni 10, hoja imesimama. Dhamana ikiwa ya miaka 3, jiji linabeba hatari peke yake.

Kuna mambo mawili yanayoharibu hesabu hii kimyakimya. La kwanza, kinachokufa mapema kwenye LED kwa kawaida si vijitaa vyenyewe bali draiva, kifaa kinacholisha umeme, kwa sababu ya joto na radi. Masharti ya zabuni yataje kinga ya radi, na draiva inayobadilishika bila kutupa taa nzima. La pili ni ankara. Taa nyingi za barabarani hazina mita, hivyo shirika la umeme hutoza kwa orodha ya taa na wati zake. Orodha isiposahihishwa, jiji litaendelea kulipia wati 250 zilizokwisha kung'olewa. Mwulizeni mhandisi: orodha mpya itawasilishwa lini, na nani ataisaini?

SWALI: Mapato yameshuka. Kamati ya fedha inapendekeza kila idara ikatwe asilimia 10. Je, hiyo si haki kwa wote?

JIBU: Kwenye karatasi, ndiyo. Ila chukulia idara ya barabara ambayo mishahara ni asilimia 60 ya matumizi yake, na mikopo pamoja na ankara ni 20. Hayo hayakatiki katikati ya mwaka. Asilimia 10 yote itatoka kwenye 20 zilizobaki, ambazo ndizo matengenezo. Kwa hiyo matengenezo yamekatwa nusu, na hakuna diwani aliyepigia kura jambo hilo.

Matokeo yake huonekana msimu wa mvua. Mfereji usiozolewa tope hutuama maji kando ya barabara, maji yanapenya chini ya lami, udongo wa msingi unalegea, na lami inapasuka vipandevipande kama ngozi ya mamba. Ikifika hapo, kuziba viraka ni kupoteza lami, maana msingi wenyewe lazima uchimbwe na kujengwa upya.

Njia bora ni kila idara ilete orodha mbili: huduma gani itasimama ikipata pungufu ya asilimia 10, na ipi itaongezeka ikipata zaidi ya hapo, kwa vipimo. Mita ngapi za mfereji? Safari ngapi za gari la taka? Hapo madiwani watakata kwa kuona wanachokata.

SWALI: Magari ya taka: jiji linunue au liajiri mkandarasi?

JIBU: Linganisheni gharama ya tani moja iliyopimwa kwenye mizani ya dampo. Upande wa jiji jumlisheni dizeli, matairi, dereva na wapakiaji, bima na uchakavu. Msisahau magari yaliyolala gereji: mkiwa na 10 na yanayotembea ni 6, hayo 6 ndiyo yanayobeba gharama ya yote. Upande wa mkandarasi, tazameni namna ya malipo. Akilipwa kwa safari, ataleta gari nusu tupu. Akilipwa kwa tani, atapenda mitaa ya karibu yenye taka nzito na kuruka ya mbali, kwa hiyo mkataba uwe na makato kwa kila kituo kilichoachwa.

SWALI: Nimepewa dakika tatu kwenye kikao cha wazi. Niseme nini?

JIBU: Chagua fungu moja na uje na tarakimu zake tatu: kilichoidhinishwa mwaka uliopita, kilichotumika hadi sasa, kinachoombwa. Fungu lililotumia asilimia 40 hadi mwezi wa tisa wa mwaka wa fedha, na bado linaomba nyongeza, lina moja ya sababu hizi: zabuni ilichelewa, fedha hazikutolewa, au makisio yalitiwa chumvi. Uliza ni ipi. Na uwahi ngazi ya kamati, kwa sababu rasimu ikifika kwenye baraza zima, tarakimu nyingi huwa zimeshafungwa.