Barua kwa mwanangu: mtu wa kusimamia matunzo ya nkambo

Mwanangu Bijou,

Umeniuliza kama nitakubali umlipe mtu asimamie matunzo ya nkambo wako, mzazi wangu mimi, hapa Lubumbashi, kama wale uliowaona huko Marekani, au nitaona kwamba unatukimbia. Nakubali, tena tuanze mwezi huu.

Ulinieleza kwamba huko wengi wao ni wauguzi au watu wa ustawi wa jamii, wana chama chao tangu 1985, na familia huwalipa kwa saa kutoka mfukoni kwa sababu Medicare, bima ya afya ya serikali yao kwa wazee, hailipii kazi hiyo. Nikashika zaidi pale uliposema kwamba mtu huyo haogeshi mzee wala hampikii. Anafuatilia kila kinachomhusu mzee, na kuhakikisha madaktari, wahudumu na watoto wanaelewana. Hapo ndipo tunapokwama sisi.

Nkambo alikuwa anameza amlodipini ya presha. Daktari wa pili, bila kuona karatasi za wa kwanza, akamwandikia Amlor. Ni dawa ileile kwa jina la kiwandani! Miguu ikavimba, maana dawa hiyo ikizidi huvimbisha vifundo. Wa tatu akaona uvimbe, akampa dawa ya kukojoa. Basi mzee akawa anaamka usiku kucha kwenda choo cha uani, kizunguzungu kikamshika, akaanguka mlangoni. Kila daktari alitibu alichokiona, na sisi nyumbani tukasema ni uzee.

Mama mmoja wa parokia, muuguzi mstaafu, ndiye aliyetoa dawa zote akazipanga mezani, akasoma maandishi madogo ya kila boksi, akaweka mawili kando. Hakumwachisha dawa yeye mwenyewe, na hilo lilinipa imani naye. Aliandika orodha, akampeleka nkambo kwa daktari mmoja aione yote. Dozi ikarekebishwa, uvimbe ukapungua. Huyo ndiye ninayemtaka.

Nkambo alipokuwa akifanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, hospitali ya kampuni ilitunza faili lake na la sisi watoto wake. Tangu 2003, alipoondoka na maelfu ya wenzake katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari, faili liko kichwani mwangu, na mimi nashinda sokoni Katuba.

Wajomba zako wanasema pesa ya kumlipa mgeni ingebaki kwa familia. Mwanangu, nimechoka kuulizwa hospitali ilikula kiasi gani, kana kwamba nimekula mimi. Mtu asiye wa damu yetu akiwaonyesha risiti, watanyamaza na kuchanga.

Nkambo nilimuuliza kabla ya kukujibu. Amekubali kwa sharti moja: huyo mama amuulize yeye kwanza, ndipo aniulize mimi, asizungumze juu ya kichwa chake kama mtoto. Mimi naongeza langu: asituuzie dawa, wala asipokee kitu kwa klinika anayotupeleka. Kumwogesha na kula naye jioni kutabaki kwetu.

Pesa yake mtumie yeye mwenyewe kwa M-Pesa, isipite kwangu wala kwa wajomba. Jumapili piga simu baada ya misa. Mjomba wako wa Kolwezi atakuwa amefika, na nataka wajomba wote wayasikie haya kutoka kinywani mwako.

Mama yako