Kabla Hujasajili Asasi Yako Ughaibuni, Jiunge na Iliyopo Mtaani Kwako

Kila baada ya miezi michache hunijia ujumbe kutoka kwa Mswahili mwenzangu aliyeko Marekani, akiniomba nimweleze namna ya kusajili asasi isiyo ya kibiashara ili asaidie watu wa mtaa anaoishi. Nia hiyo ni njema, na usajili wenyewe si mlima: asasi ndogo inayotarajia mapato yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka kwa kawaida huweza kuomba msamaha wa kodi kwa kujaza fomu fupi ya mamlaka ya kodi ya shirikisho kwa ada ya dola 275, na iliyo kubwa zaidi hujaza fomu ndefu kwa dola 600. Hata hivyo, jibu langu la kwanza huwa ni swali. Je, umekwisha kwenda kuwaona Wamarekani Weusi ambao wamekuwa wakiifanya kazi hiyo hiyo, katika mtaa huo huo, tangu kabla wewe hujashuka kwenye ndege?

Mimi naishi Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania, na kwa miaka saba nimekuwa mweka hazina wa kujitolea wa asasi moja inayoongozwa na Wamarekani Weusi. Kazi yetu si kubwa: tunapeleka chakula kwa wazee mara mbili kwa wiki, na kila jioni tunawapokea watoto wanaotoka shule ili wafanye mazoezi yao mahali penye joto na mtu mzima wa kuwasaidia. Ofisi yetu ni chumba kimoja katika ghorofa ya chini ya kanisa. Mkurugenzi wetu ni mama wa makamo aliyezaliwa mitaa minne kutoka hapo, naye ana daftari lenye jalada la kijani ambalo halimtoki mkononi. Humo ameandika ni mzee gani hatakiwi kula chumvi, nani huweka insulini kwenye jokofu na kwa hiyo asikatiwe umeme hata siku moja, nani hafungui mlango mpaka asikie sauti anayoifahamu, na binti wa nani anafanya kazi ya usiku na hawezi kupigiwa simu kabla ya adhuhuri. Nimepitia fomu nyingi za maombi ya ruzuku katika miaka hii saba, na sijaona hata moja yenye nafasi ya kuandika yaliyomo katika daftari lile. Na hayo ndiyo yanayowafanya wazee wetu waendelee kuishi katika nyumba zao.

Anayetaka kuzielewa asasi hizi na aanze na historia yake, nayo ni ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1787, katika jimbo hili hili, wahubiri wawili Weusi, Richard Allen na Absalom Jones, walianzisha mjini Philadelphia jumuiya iliyoitwa Free African Society. Kila mwanachama alitoa shilingi moja ya fedha kwa mwezi, na baada ya mwaka mmoja wa kuchanga aliyepatwa na shida aliweza kupewa shilingi tatu na peni tisa kwa wiki; wajane na yatima nao walitunzwa. Sisi tuliokulia katika vyama vya kufa na kuzikana hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Homa ya manjano ilipoingia Philadelphia mwaka 1793 na kuua maelfu ya watu, Weusi wa mji ule, wakiongozwa na hao wawili, waliwauguza wagonjwa na kuwazika maiti ambao ndugu zao wenyewe walikuwa wamewakimbia. Malipo yao yalikuwa shutuma: mchapishaji mmoja aliandika kwamba baadhi yao walijitajirisha na kuwaibia wagonjwa. Mwaka uliofuata Allen na Jones walichapisha majibu, na ndani yake wakaweka hesabu zao, fedha iliyoingia na iliyotoka, zikiwamo gharama za majeneza na ujira wa wachukuzi, zikionyesha kwamba walitumia zaidi ya walichopokea. Nikiwa mweka hazina, kila ninapokaa kuandaa risiti za mfadhili huwakumbuka watu wale, kwa sababu mzigo wa kuthibitisha kwamba wewe si mwizi, hata baada ya kuyaokoa maisha ya watu, bado umewalemea warithi wao.

Hapa Pittsburgh tunao mfano wa karibu zaidi. Mtaa wa Hill District ulikuwa kitovu cha maisha ya Weusi wa mji huu, hadi serikali ya jiji ilipoanza mwaka 1956 kubomoa sehemu yake ya chini ili kujenga ukumbi mkubwa, na watu wapatao 8,000 wakahamishwa. Katika miaka ile mgonjwa mahututi wa mtaani alibebwa na gari la polisi, ambalo ndani yake hakuwamo mtu aliyejua kumsaidia kupumua, kama hilo gari lilifika. Ndipo mwaka 1967 ilipoanzishwa Freedom House, huduma ya magari ya wagonjwa iliyowachukua vijana Weusi, wengi wao wakihesabiwa kuwa hawaajiriki, ikawaweka mikononi mwa daktari Peter Safar, mmoja wa waasisi wa mbinu za kisasa za kumrudishia mtu pumzi na mapigo ya moyo, naye akawafundisha kwa takriban saa 300. Katika mwaka wa kwanza wa huduma waliitikia karibu miito 5,800. Waliyoyafanya mle mitaani ndiyo yaliyochangia kuwekwa kwa viwango vya mafunzo ya wahudumu wa dharura nchini Marekani kote, kazi iliyoendelezwa na daktari Nancy Caroline alipojiunga nao.

Hata hivyo, mwaka 1975 serikali ya jiji haikuendelea na mkataba wao. Ilianzisha huduma yake yenyewe, ikawachukua vijana wa Freedom House, na katika muda mfupi wengi wao wakajikuta wamewekwa kando au wameondoka. Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu hupenda kudhani kwamba asasi za Weusi zinapofungwa ni kwa sababu hazikujua kazi. Freedom House iliijua kazi kuliko mtu yeyote nchini. Ilichokosa ni fedha yake yenyewe, isiyotegemea sahihi ya ofisa mmoja.

Mwaka 2020 taasisi mbili za Marekani, Bridgespan na Echoing Green, zilitoa uchunguzi wao kuhusu asasi changa zilizoomba kuungwa mkono na Echoing Green. Miongoni mwa zilizokuwa na sifa za juu kabisa, zile zilizoongozwa na Weusi zilikuwa na mapato pungufu kwa asilimia 24 kuliko zile zilizoongozwa na Wazungu. Lakini ukifika upande wa akiba isiyofungwa masharti, pengo lilikuwa asilimia 76. Wengi husoma tarakimu ya kwanza na kuipita ya pili. Mimi nakushauri ukae na hiyo ya pili, kwa maana akiba isiyofungwa ndiyo inayolipa mishahara wakati ruzuku imechelewa, ndiyo inayotengeneza boila ya kupasha jengo joto katikati ya Januari, na ndiyo inayompa mkurugenzi ujasiri wa kulikataa sharti litakalowadhuru watu wake.

Niseme jinsi jambo hilo linavyoonekana kwenye vitabu. Mikataba mingi ya serikali hulipa kwa kurejesha: asasi hutumia kwanza fedha yake, hukusanya risiti, hupeleka madai, kisha husubiri. Kwa asasi yenye akiba, kusubiri siku 90 ni usumbufu. Mwaka wa pili wa kazi yangu ofisi moja iliyokuwa na mkataba nasi ilichelewesha malipo yetu kwa zaidi ya miezi minne. Kwenye taarifa ya fedha tulionekana wazima, kwa kuwa tulidai maelfu ya dola. Benki tulikuwa na dola 1,912. Mkurugenzi wetu hakujilipa mshahara wa miezi mitatu, na hakumwambia mtu. Niligundua nilipokuwa nalinganisha hundi.

Na hapo ndipo nilipokosea, nami nalieleza kosa hili kwa wengine walifahamu kabla halijawafika. Katika kutafuta pa kupunguza, nilishikilia kwamba tuondoe posho ya dereva wetu, mzee mstaafu aliyekuwa akisambaza chakula, kwa hoja kwamba wafadhili wanapenda kuona gharama ndogo za uendeshaji na kwamba wapo watu wa kujitolea watakaoifanya kazi bure. Bodi ilinisikiliza kwa sababu nilikuwa na shahada ya uhasibu. Baada ya wiki tatu, mzee mmoja ambaye hafungui mlango kwa sauti asiyoijua aligongewa na kijana wa kujitolea, hakuitika, na kijana akaondoka akiamini amesafiri. Dereva wetu angezunguka nyuma na kumwita kwenye dirisha la jiko, kama alivyofanya miaka yote. Tulimkuta siku ya pili, nyumba baridi, gesi imekatwa, hana nguvu za kusimama. Alilazwa siku tisa. Alipotoka, mkurugenzi aliniomba nifuatane naye kwenda kumwona, na njiani aliniambia kwa upole, “Mwanangu, ile uliyoiita gharama ya uendeshaji, ndiyo huduma yenyewe.” Posho ya dereva ilirudi mwezi huo huo na haijaguswa tena.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu kutoa ni huu. Toa kidogo kila mwezi badala ya kingi mara moja, na usikifunge. Dola 20 za kila mwezi, zinazoingia bila kuulizwa zimenunua nini, humwezesha mweka hazina kupanga. Dola 500 zilizoandikwa kwamba ni za vitabu vya watoto pekee huweza kukaa benki wakati watoto wenyewe hawana taa ya kusomea. Hilo halina maana kwamba hesabu zisidaiwe. Dai hesabu za mwaka, zisome, uliza pale usipoelewa. Lakini uziulize kama mwanachama wa upatu anavyomuuliza mwenziwe, ambaye kesho yake itakuwa zamu yake kujibu.

Kama una ujuzi, huo nao una thamani kubwa. Asasi ndogo nyingi hufanywa na watu wachache waliochoka, na mambo madogo ya makaratasi huwaponyoka. Hata asasi yenye mapato madogo hutakiwa kupeleka taarifa kila mwaka kwa mamlaka ya kodi, na isipofanya hivyo miaka mitatu mfululizo hupoteza msamaha wake wa kodi bila mjadala. Kuurudisha ni kazi ya miezi. Mtu mmoja mwenye kalenda na saa mbili kwa mwaka anaweza kuzuia balaa hilo. Kwetu Pittsburgh, tangu walipoanza kufika ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi, msaada mwingine umekuwa lugha yenyewe: mama mmoja wa Bukavu hujitolea kila Alhamisi kuwatafsiria wazazi barua za shule, na wale watoto sasa hukaa meza moja na watoto wa mtaa.

Lipo jambo lililo gumu zaidi, na sioni namna ya kulikwepa. Wengi wetu tulifika nchi hii tukiwa tumekwisha kulishwa maneno kuhusu Wamarekani Weusi, kwamba hawajitumi, kwamba fursa zimewazunguka na wao wamelala. Nimeyasikia hayo kwenye harusi zetu, kwenye misiba yetu, na hata miongoni mwa wazee wa kuheshimika. Ni uongo, na ni uongo unaotuaibisha, kwa sababu haki za kuishi na kufanya kazi ambazo sisi tunazitumia hapa zilipiganiwa na watu hao. Ukiingia katika asasi yao ukiwa na dharau hiyo moyoni, itaonekana siku ya kwanza. Waamkie wazee kwa heshima kama ambavyo ungemwamkia bibi yako. Huku nako ni utovu wa adabu kwa kijana kumwita mtu mzima kwa jina tupu. Kaa mwaka mzima bila kupendekeza kubadilisha chochote. Beba viti.

Wao nao wamekuwa wakitutazama kwa hamu kuliko tunavyojua. Ukutani mwa ofisi yetu limechorwa kwa rangi neno ujima, kwa maana ya kufanya kazi na kuwajibika pamoja, mojawapo ya nguzo saba za Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi iliyoanzishwa California mwaka 1966 na ambayo istilahi zake zimechukuliwa katika Kiswahili. Sisi neno hilo tulilisoma darasani kama jina la mfumo wa maisha ya kale, tukalijibia mtihani, tukaliacha humo. Nililikuta Pittsburgh likiwa hai, na watoto wakilitamka kila jioni kabla ya kugawana kazi ya kufagia.

Utakapokwenda kwa mara ya kwanza, usiulize asasi ina miradi gani, maana hilo wameshachoka kulijibu. Uliza wanahitaji nini ambacho hakuna mfadhili anayekubali kukilipia, kisha nyamaza na usikilize. Nilimfundisha jirani yangu mmoja wa Mombasa swali hilo vuli iliyopita, akaja nalo kwenye kikao chetu. Mkurugenzi alifungua daftari la kijani, akafikiri kidogo, akasema ni matairi manne ya theluji ya gari la chakula, kwa kuwa kilima cha kuelekea kwa wazee huwa hakipandiki ikishaganda. Jirani yangu aliyapeleka maneno hayo kwenye kikundi chake cha kuzikana, wakachanga, na Jumamosi iliyofuata dereva wetu mzee alikuwa nje ya kanisa, amepiga goti barabarani, akikaza nati za gurudumu la mwisho.